Sola niliyoilipia imenizimikia



Naishi kwenye kibanja nje kidogo ya Nkwenda, wilayani Kyerwa. Nguzo za umeme zinapita barabarani. Kwangu, huku bondeni, hazijafika. Sina ugomvi na giza, nimezaliwa nalo. Ugomvi wangu ni na hizi sola za mkopo.

Ukilipa kwa simu unatumiwa tarakimu za kuingiza kwenye kiboksi cha betri. Usipolipa kinajifunga, hata kama jua limewaka kutwa nzima. Sawa, ndiyo makubaliano. Lakini mwezi uliopita nililipa jioni, pesa ikakatwa, tarakimu hazikuja. Usiku huohuo ng'ombe akashikwa na uchungu. Mke wangu kaibana simu yenye tochi kwa meno, mimi nimeshika miguu ya ndama, na kule ukutani kiboksi kinapepesa taa yake nyekundu. Ndama alitoka mzima. Simu ndiyo iliyoangukia kwenye samadi.

Asubuhi nikapiga namba ya huduma: muziki, kisha kimya. Wakala aliyeniuzia, ambaye enzi za kunibembeleza alikuja na pikipiki hadi mlangoni, akaniambia niende kufuatilia Kayanga, wilayani Karagwe. Kwa nauli ya nani? Tarakimu zilikuja siku ya nne, na siku zote nilizokaa gizani zimehesabiwa kuwa nimezitumia.

Naiomba Tume ya Ushindani itueleze: siku hizo anazirudisha nani? Na wasomaji wenzangu wa Karagwe na Kyerwa, yamewakuta, au ni mimi tu?

Mkulima wa kahawa,
Nkwenda, Kyerwa