Mafuvu Kwanza, Simba Baadaye

Majumba ya makumbusho yanayozuriwa mno duniani yana fakhari yake, na fakhari hiyo si ya bure. Louvre ya Paris, iliyokuwa kasri la wafalme wa Ufaransa kabla ya kufunguliwa kwa raia mwaka 1793, ilipokea wageni milioni 10.2 mwaka 2018, na mwaka 2024 walipita mlangoni pake watu milioni 8.7, ambao aghalabu yao walijipanga safu ndefu ili wasimame kwa muda mchache mbele ya Mona Lisa, picha ya sentimita 77 kwa 53 tu, iliyowekwa nyuma ya kioo kinene. Makumbusho ya Vatikani na Makumbusho ya Uingereza mjini London hayako mbali nayo, kwani mwaka huohuo kila moja lilipata wageni zaidi ya milioni sita. Na katika jumba hilo la London ndimo lilimo Jiwe la Rosetta, lililopatikana Misri na askari wa Kifaransa mwaka 1799, likatwaliwa na Waingereza katika vita, likawekwa humo tangu 1802. Haki ya majumba haya isikanwe: yamehifadhi vitu ambavyo vingalipotea, yamelea wataalamu, na yamemwezesha mtoto wa fundi na mtoto wa waziri kusimama bega kwa bega mbele ya kazi bora za akili ya binadamu.

Walakini idadi ya wageni hujibu swali moja tu, la wangapi waliotazama. Haijibu swali la nani aliyetazamwa, wala la ridhaa ya nani iliyoombwa kabla ya kutazamwa. Swali hilo la pili ndilo linalotuhusu sisi wa kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya, tangu Bura hadi Voi na tangu Sagalla hadi Taveta, kwa sababu sehemu ya urithi wetu imo katika nyumba za wengine, na kila linapotajwa jambo hilo fikra za watu hukimbilia simba wa Tsavo. Muradi wa makala haya ni kusema kwamba tumeyapanga madai yetu kinyume. Simba wana haki yao ya kutajwa, lakini mbele yao wako watu. Na maadamu watu hao hawajatajwa, kudai simba ni kuanza na paa kabla ya msingi.

Habari za simba zajulikana. Mwaka 1898, reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilipofika Mto Tsavo, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingo waliwavamia wajenzi wa daraja kwa muda wa miezi tisa, wakiwachukua usiku ndani ya mahema yao, mpaka kazi ikasimama na mamia ya wafanyakazi wakatoroka. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua wote wawili Disemba ya mwaka huo, akazifanya ngozi zao mazulia, akakaa nazo takriban miaka 25. Na mwaka 1924 akaziuza pamoja na mafuvu yake kwa Makumbusho ya Field mjini Chicago, kwa dola 5,000. Mafundi wa jumba hilo walizijaza ngozi zile upya, na kwa kuwa zilikwisha kukatwa na kuchakaa kama mazulia, simba wanaoonekana leo nyuma ya kioo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Wataalamu wa huko wamewachunguza kwa bidii: wameona kwamba mmoja alivunjika chonge na kupata jipu katika mzizi wa jino, jambo ambalo huenda lilimfanya ashindwe na mawindo magumu, mwaka 2009 utafiti wa kemia ya mifupa na manyoya ulikadiria kwamba wawili hao walikula watu wapatao 35, si 135 kama Patterson alivyokuja kudai, na mwaka 2024 manyoya yaliyonasa ndani ya meno yao yalichunguzwa, yakaonekana ya twiga, pundamilia, nyumbu, choroa na kuro, pamoja na nywele za binadamu.

Tazama basi ilimu ilivyo na macho makali ikitaka kuona. Chakula cha mnyama aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita chajulikana hata kwa unywele ulionasa jinoni, ilhali majina ya Waafrika walioliwa naye hayajulikani, kwa sababu rahisi kwamba hayakuandikwa. Patterson mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907, aliwahesabu Wahindi 28 wa reli, kisha akasema kwamba Waafrika waliouawa walikuwa wengi na kwamba hapakuwa na daftari la serikali juu yao. Wahindi wale walikuwa na mikataba, na mkataba huandikwa. Wenyeji hawakuwa na mkataba, kwa hiyo hata kufa kwao hakukuandikwa. Hii ndiyo ila kubwa ya habari ya simba kama inavyosimuliwa duniani, katika kitabu, katika sinema na katika jumba la Chicago: mnyama ana sura, mwindaji ana jina, na aliyeliwa hana kitu.

Sasa na tuondoke Chicago twende Cambridge, Uingereza. Wazee wa Kitaita walikuwa na desturi ya kumzika mtu, kisha baada ya muda kulifukua fuvu lake na kulipeleka kwa taadhima katika pango la ukoo, likae pamoja na ya babu zake. Na hapo ndipo wazee walipokwenda wakati wa ukame, maradhi au ugomvi, wakafanya kutasa, yaani kuchukua kinywaji kinywani na kukipuliza huku wakitamka maneno ya baraka na ya kuondoa hasira moyoni. Mapango kadhaa milimani bado yana mafuvu yaliyopangwa mwambani, kila moja likiwa mahali pake. Mengine hayamo tena katika milima hii. Mwaka 1973 mtaalamu wa Harvard, William Howells, alipotoa vipimo vya mafuvu ya kaumu mbalimbali za ulimwengu, yalikuwamo mafuvu 83 ya Wataita, ya wanaume 33 na wanawake 50, yaliyohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge tangu enzi za ukoloni. Vipimo vile vingali vinatumika katika programu za kompyuta za kukisia asili ya mifupa, na kwa njia hiyo wazee wetu wanafanya kazi kila siku katika maabara za dunia, wakijulikana kwa urefu na upana hata milimita, wala hawajulikani kwa jina, kwa ukoo wala kwa kijiji.

Simba alikuwa mnyama. Akauawa, akauzwa, na mauzo yale, tuyapende tusiyapende, yana hati. Fuvu la mzazi wa mtu halina bei katika sheria yoyote ya Kitaita, halikupata kuwa bidhaa, na hakuna mzee aliyekuwa na mamlaka ya kulitoa liende kupimwa ughaibuni. Kwa hiyo mafuvu na yatangulie. Swali la kwanza kwa Cambridge si la kurudisha bali la kufunua daftari: nani aliyatoa, katika pango gani, mwaka gani, na kwa idhini ya nani? Likijibiwa hilo, koo zenyewe ziitwe ziseme zinataka nini. Na zikisema yarudi, yarudi katika miamba yake kwa ada zake, yasiwekwe katika kabati la kioo Nairobi wala Voi, maana kumtoa mtu katika sanduku la mgeni na kumtia katika sanduku la jirani si kumrudisha nyumbani.

Zipo hoja za upande wa pili, na insafu yatulazimisha kuzipima. Wanaotetea majumba makuu husema kwanza kwamba vitu vya kaumu zote vikikaa mahali pamoja, binadamu hujifunza umoja wake. Hoja hii ina uzito kwa vitu vinavyoonyeshwa. Haina uzito kwa vilivyofungiwa ghalani. Makumbusho ya Uingereza yana vitu takriban milioni nane, navyo vinavyoonyeshwa ni kama asilimia moja tu. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilinyang'anywa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902, ikafikishwa London mwaka 1908, na kwa zaidi ya karne imekaa ghalani bila ya kuonyeshwa hadharani. Mwanafunzi wa London hakujifunza kitu kwayo, na Mpokomo alinyimwa sauti ya ngoma iliyokuwa ikimkusanya. Hapo hasara ni ya pande mbili.

Husema pili kwamba Ulaya ni salama. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani. Lakini mwaka 2023 Makumbusho ya Uingereza yenyewe yalikiri kwamba vitu vipatavyo 2,000 vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa, na Oktoba 2025 wezi waliingia Louvre mchana kweupe, wakatoka na vito vya kifalme katika muda wa dakika chache. Usalama ni kazi ya ulinzi na uaminifu, na kazi hiyo haina bara lake.

Husema tatu kwamba sheria hairuhusu. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 1963 huyazuia Makumbusho ya Uingereza kutoa mali yake ila kwa sababu chache; lakini sheria hutungwa na watu, na Ufaransa ilitunga sheria mahsusi Disemba 2020, ikarudisha Benin hazina 26 za Abomey mwaka uliofuata. Tena chuo kikuu hakifungwi na sheria ile ya 1963: Chuo cha Jesus, kilichomo katika Cambridge hiyohiyo, kilirudisha Nigeria jogoo wa shaba wa ufalme wa kale wa Benin mwaka 2021. Aliyemrudisha jogoo hana udhuru wa kumzuia mtu.

Walakini sisi nasi tuna wajibu, na asiyetimiza wajibu wake hana ulimi wa kudai haki yake. Tujifunze kwa jirani zetu Wamijikenda. Vigango vyao, vile vigogo vilivyochongwa kuwa ukumbusho wa wazee waliokufa, viliibwa na vijana wa hapahapa, vikauziwa wafanyabiashara, vikavuka bahari. Mwaka 2007 kimoja kilirudi kwa jamaa wenyewe, kwa sababu mtaalamu mmoja alikuwa amekipiga picha mwaka 1985 kikiwa kimesimama mahali pake. Lakini vigango 30 vilivyorudishwa na makumbusho ya Denver vilipofika Kenya mwaka 2019, havikuwa na jamaa wa kuvipokea, maana waliovinunua hawakuandika vilikotoka. Funzo ni dhahiri: kinachorudi nyumbani ni kile kilichoandikwa. Mradi mmoja wa watafiti wa Kenya na Ujerumani, Makumbusho ya Taifa yakiwamo, umekwisha kuorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje. Orodha hiyo ipo, na kaunti yetu yapasa kuisoma mstari kwa mstari.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezipa kaunti kazi ya makumbusho. Kwa hiyo tusimngoje mtu wa Nairobi. Voi, palipo na kituo cha reli mpya na barabara ya Taveta, na palipo na lango la mbuga ya Tsavo, pastahili jumba la makumbusho la Wataita na Wataveta, nalo halitakosa la kusimulia hata kabla ya simba kufika. Lisimulie Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa katika nchi hii hasa: reli iliyosukumwa mwaka 1915 kutoka Voi kupita Mwatate, Bura na Maktau, na mapigano ya kilima cha Salaita Februari 1916. Mgeni hupelekwa makaburini Voi kuliona kaburi la Luteni Dartnell, aliyeuawa karibu na Maktau Septemba 1915 akapewa nishani ya Victoria, na ni haki yake kupelekwa. Lakini apelekwe pia Kasigau, ambako mwaka huohuo Waingereza walikihamisha kijiji chote hadi upande wa Malindi kwa shutuma ya kuwasaidia Wajerumani, wakafa wengi ugenini. Lisimulie Bura, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni mwaka 1892, wazee wakawa na dini mbili za kuzipima, na wajukuu wao leo wapo wanaoweza kueleza kilichopokewa na kilichoachwa. Liwe na daftari la sauti, wazee wakisema kwa Kidawida, kwa Kisagalla na kwa Kitaveta, kabla hawajatuacha.

Likisimama jumba hilo, ndipo tuongee na Chicago kama wenye nyumba. Sioni aibu kwa simba kuja kwa mkopo wa miaka na kurudi, wala kwa pande mbili kushirikiana katika utafiti. Shaka yangu ni kwa simba kuletwa Nairobi kwa shangwe, wakawekwa nyuma ya kioo kingine chenye maandishi yaleyale ya mwindaji na mnyama. Wakija, waje katika nyumba iliyokwisha kuuliza koo za Tsavo na jamaa za wafanyakazi wa reli ni nani waliopotea siku zile, na iliyokwisha kuandika kila jina lililopatikana.

Kazi hii yaweza kuanza mwaka huu, tena kwa gharama ndogo. Bunge la kaunti na litoe barua rasmi kwa Cambridge kuomba daftari la mafuvu. Wazee wa koo wakae pamoja na makasisi na waalimu, waamue mapema yatakavyopokewa. Shule za sekondari, za Bura zikiwamo, ziwape wanafunzi kazi ya kuandika masimulizi ya nyumbani kwao. Majumba makuu ya dunia yalipata haiba yake kwa kukusanya. Sisi tutapata yetu kwa kujua kila kitu ni cha nani, na kwa kutoruhusu mtu yeyote wa nchi hii, aliye hai au aliyekufa, ahesabiwe tena bila ya jina.