Jani la Nyanya na Swali la Mtihani

Si kazi ngumu kumfunza mtoto wa Gredi ya 5 pale Kimana, Kajiado, azitaje hatua za maisha ya nondo: yai, kiwavi, pupa, mdudu kamili. Atazitaja bila kukosea. Hatua chache kutoka darasani, katika mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji ya maji yanayotoka Kilimanjaro, mojawapo ya hatua hizo hizo inakula nyanya za wazazi wake. Tuta absoluta, nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeingia Kenya mwaka 2014, hutaga mayai juu ya jani. Kiwavi wake hujipenyeza katikati ya jani na kula akiwa amejificha humo, na ndiyo sababu dawa nyingi humpita juu kwa juu. Darasa likitia majani yenye viwavi katika chupa mbili, moja ikawekwa mahali penye joto na nyingine penye ubaridi, kisha watoto wakahesabu siku, wataona wenyewe kwamba joto humharakisha mdudu huyu, na wataanza kuelewa kwa nini shamba huvamiwa ghafla majira ya jua kali. Maabara haihitajiki hapo. Kinachohitajika ni mwalimu mwenye wiki kadhaa mkononi na ruhusa ya kuzitumia. Ruhusa hiyo, kwa maoni yangu, haitolewi na mtaala hata uandikwe vizuri namna gani. Hutolewa na mtihani.

Kenya imekwisha kuukubali ufundishaji wa aina hii zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1960 ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi Afrika, ambao uliwapa watoto wadudu, maji na mchanga badala ya maelezo ya kunakili. Eleanor Duckworth, aliyekuwa amesoma kwa Jean Piaget kule Geneva, alikuja kuupima. Hakutumia karatasi ya maswali. Aliwawekea watoto vitu mbele yao, akatazama watakavyovitumia, na akaona kwamba waliopitia mpango huo walibuni mambo mengi zaidi ya kufanya, tena yenye kina zaidi, kuliko wenzao. Mwaka 1998 ukaja mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi, kwa ushirikiano na Japani, ukaanzia katika wilaya tisa, Kajiado ikiwa mojawapo. Ulianza na walimu wa sekondari kabla ya kufika msingi, ukisisitiza shughuli, majaribio na kujitengenezea vifaa kwa vitu vilivyopo. Mtaala wa umilisi, uliojaribiwa kuanzia 2017 na kuenezwa nchini 2019, umerudia wazo hilo kwa msamiati mpya.

Kwa nini basi wazo jema hulazimika kuzaliwa upya kila kizazi? Wapo wanaowalaumu walimu, nami sikubaliani nao. Kwa karibu miaka 40, kuanzia 1985 hadi 2023, mwalimu wa sayansi alipimwa kwa KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ambao katika sayansi ulikuwa wa kuchagua jibu. Maswali mengi yakidai kumbukumbu, mwalimu anayetumia wiki tatu kwa chupa mbili anawapunja wanafunzi wake alama, na wazazi watakuwa wa kwanza kumwambia. Kukaririsha ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili timamu aliyesoma vizuri mazingira yake ya kazi.

Ushahidi kwamba mtihani waweza kusukuma upande wa pili tunao hapa hapa nyumbani. Katika miaka ya 1970, Anthony Somerset alikuwa miongoni mwa walioongoza mageuzi ya CPE, mtihani uliotangulia KCPE. Maswali yalibaki ya kuchagua, lakini yakaelekezwa kwenye kufikiri na kwenye mambo ambayo mtoto wa kijijini huyaona kila siku. Tena kila shule ikatumiwa jarida lililoeleza ni maswali gani watoto waliyakosea, walichagua jibu gani na kosa hilo linaonyesha fikra gani. Mwanzoni pengo kati ya wilaya liliongezeka, kwa kuwa shule zenye uwezo ziliwahi kuzoea. Baadaye likaanza kupungua katika wilaya nyingi. Mabadiliko hayo hayakumsubiri mtu ajenge maabara.

Leo tuna KPSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2022 na watoto wa Gredi ya 6, na inachangia asilimia 20 ya alama za kumpangia mwanafunzi shule ya Gredi ya 10. Kwa hiyo uzito inao. Kilichobaki ni aina ya maswali, nami natoa mfano mmoja wa Kajiado. Karibu na Kitengela, kwenye mpaka wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, Richard Turere alikuwa na miaka 11 alipoanza kutafuta njia ya kuwazuia simba wasile ng'ombe wa baba yake. Aliwasha moto, akagundua unawasaidia simba kuona. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliondoka, siku ya pili wakaizoea. Usiku mmoja akazunguka boma na tochi na simba hawakuja, naye akahitimisha kwamba wanaogopa mwanga unaosogea. Kwa betri ya gari, paneli ya sola na kifaa cha indiketa ya pikipiki akatengeneza taa zinazowaka kwa zamu. Wengi humsifu kwa taa hizo, zilizompeleka hadi jukwaa la TED 2013. Mimi nazitazama zaidi zile dhana mbili alizozitupa baada ya kuzijaribu. Swali zuri la Gredi ya 6 lingesimulia majaribio hayo na kuuliza: matokeo ya siku ya pili yanaondoa maelezo gani? Hilo laweza kusahihishwa kwa mashine kama swali lingine lolote.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba sayansi ya Kimana itamfungia mtoto Kimana, ilhali atashindana na mwenzake wa Kitengela ambaye huenda hajawahi kuona kiwavi wa nyanya. Hofu hiyo ina msingi ikiwa mtihani utauliza habari za Tuta kama jambo la kukumbuka. Ukimpa kila mtoto jedwali la siku na joto, na kumtaka alisome, hakuna mwenye faida ya kuzaliwa mahali. Ustadi wa kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilevile unasafiri na mtoto hadi kwenye umeme na kemia. Swali lenyewe nalo husafiri. Bomba la Nolturesh huyatoa maji Loitokitok na kuyapeleka upande wa Kajiado hadi Athi River na Machakos. Kwa nini chemchemi zitokane na mlima ule wakati nyanda zimekauka ni swali la mtoto wa mjini pia.

Pingamizi la gharama nalijibu nikiwapa wazazi haki yao. Wamechoshwa na miradi ya mtaala mpya, na wengine huishia kwenye vibanda vya intaneti kununua picha na kulipia uchapishaji. Hali hiyo hutokea pale tathmini inapopima kitu kilicholetwa badala ya fikra iliyokileta, kwani kitu hununuliwa. Madarasa yaliyojaa ni tatizo la kweli, na mtihani peke yake hautaliondoa. Lakini chupa mbili juu ya meza ya mwalimu, zikiandikiwa hesabu ubaoni kila asubuhi, zinawatosha watoto 60. Na pale Kiingereza, lugha ya kufundishia kuanzia Gredi ya 4, kinapomziba mtoto mdomo, aachwe abishane kwa Kimaasai au Kiswahili kwanza, kisha aandike.

Jarida la Somerset lilichapwa kwenye karatasi na kupelekwa shuleni. Leo Baraza la Mitihani likiandika uchambuzi kama ule, mwalimu mkuu wa Kimana anaweza kuusoma kwenye simu yake siku hiyo hiyo, akawaonyesha walimu wenzake ni wapi Gredi ya 6 ilidhani jambo moja na kwa nini, kabla miche ya msimu ujao haijapandwa.