Andika, Kijana, Lakini Utie Jina

Kuna lawama moja ambayo siku hizi haikosekani katika baraza yoyote ya Lamu, kuanzia Mkomani mpaka Langoni, na kuvuka maji hadi Faza na Kizingitini. Lawama yenyewe ni kwamba simu imewaharibu vijana wetu: hawasomi, hawaandiki, wameinamisha shingo tangu alasiri mpaka usiku wa manane. Mimi, kwa heshima zote za wazee wenzangu, sikubaliani nao katika neno moja. Kusema kwamba vijana hawaandiki si kweli. Sidhani kama visiwa hivi vimepata kuwa na kizazi kinachoandika maneno mengi kwa siku kama hiki. Wanaandika asubuhi, wanaandika jioni, wanaandika hata ndani ya mashua wakivuka kwenda Mokowe. Swali la kujiuliza, ndugu msomaji, ni nani huyo anayeandika, na je, yuko tayari kusimama na neno lake?

Nasema hivi kwa sababu mwanafunzi mmoja wa hapa kwetu, anayesoma chuo kikuu huko bara, alipokuja likizo alinipa fikra zake nizisome. Alizipiga chapa kwenye karatasi, kwa kuwa ajua macho yangu hayapendi kioo. Kwa miaka miwili amekuwa na ukurasa wake katika intaneti, na karatasi zile zilikuwa ni hesabu ya mambo aliyojifunza.

Jambo la kwanza alilolieleza lilinifurahisha. Alipoandika kwa Kiingereza juu ya mambo ya Nairobi, wasomaji wake walikuwa rafiki zake watatu. Alipoandika kwa Kiamu habari za babu yake mvuvi, akipata barua kutoka Mombasa, Maskat na hata Toronto, watu wakimuuliza majina ya samaki na ya nyavu waliyoyasahau. Sishangai. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mwana wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, alitumia umri wake kutuonyesha kwamba lugha hii ina uwezo wa kubeba mambo mapya; neno "runinga" ambalo Wakenya hulisema kila siku ni zao la akili yake. Kijana aliyegundua kwamba watu wana kiu ya lugha ya nyumbani amegundua jambo kubwa.

Jambo la pili lilinitia huzuni. Aliandika kwamba ameungana na watu elfu, na bado hana hata mmoja wa kumwambia, "Hapa umekosea, rudia." Sisi tulio na baraza hatuujui upweke wa namna hiyo.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Yote aliyoyaandika, mazuri na machungu, ameyatia jina la bandia. Aliandika juu ya bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na juu ya wavuvi zaidi ya 4,000 ambao Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2018 walipwe Sh1.76 bilioni kwa hasara waliyoipata. Ni maandishi safi, yenye ushahidi wa mtu aliyekaa na wavuvi. Nilipomuuliza sababu ya kujificha, alinijibu kwa Kiamu chetu, "Ami, nikitia ina langu wataniyuwa."

Basi na tulitazame neno hilo kwa makini, kwa kuwa yeye si peke yake.

Kwanza tuondoe dhana kwamba kuungana na ulimwengu ni jambo jipya kwetu. Lamu haikungoja simu. Mwanzoni mwa karne ya 19, zama za Vita vya Shela, Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu alikuwa akijibizana kwa mashairi na washairi wa Mombasa, na huko Mombasa Muyaka bin Haji alikuwa akitunga kuutetea mji wake. Shairi lilitungwa huku, likasomwa kule, na jibu likarudi. Hata ule waya wa baharini uitwao TEAMS, uliofika Mombasa Juni 2009 na kutuletea intaneti ya kasi, ulitandikwa kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Yaani umepita baharini mle mle mlimopita majahazi yaliyokuwa yakishuka na kaskazi. Njia ni ile. Kilichobadilika ni mwendo. Jibu lililokuwa likingoja chombo sasa halingoji hata mtu amalize kusoma.

Lakini katika zama hizo za vyombo kulikuwa na ada moja. Mtunzi alipofika mwisho wa utendi wake alijitaja. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Lilikuwa neno la mama mgonjwa kwa mtoto wake, neno la ndani ya nyumba, na mtunzi mwenyewe alikuwa mwanamke wa stara. Hata hivyo alilitaja jina lake, akaitaja Pate alikozaliwa, akaweka na tarehe ya Hijria. Muhamadi Kijuma, mwandishi hodari wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, aliponakili tendi za wengine alikuwa na desturi ya kuandika kwamba mkono ulionakili ni wake. Jina lile halikuwa la majivuno. Lilikuwa dhamana: neno hili lina mwenyewe, na ukiwa na swali unajua mlango wa kubisha.

Kisha zikaja kaseti. Katika miaka ya 1970 Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, tunayemwita Ustadh Mau, alitunga shairi la kuwausia mabinti, na sauti yake ikazunguka kwa kaseti kutoka nyumba hadi nyumba. Kaseti nayo ilikuwa chombo kipya, na wazee wa wakati ule waliilaumu kama tunavyoilaumu simu leo. Lakini aliyesikiliza alijua anamsikiliza nani. Akipinga, angeweza kumkuta njiani akamwambia.

Sisi tuliopitia chuoni, tukakaa juu ya jamvi na ubao mapajani, tulifundishwa kwamba habari haina uzito mpaka ijulikane imetoka kwa nani. Wanazuoni wa hadithi walisafiri masafa marefu kwa ajili ya kuhakikisha jina moja katika isnadi. Na Sura ya Hujurat inatuamuru tuichunguze habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua kisha tukajuta. Sasa itazame habari inayoingia katika simu yako. Juu yake imeandikwa tu kwamba imepelekwa mara nyingi. Imetoka kwa nani? Hakuna ajuaye. Ni isnadi isiyo na hata mtu mmoja.

Watu wa Lamu wanajua gharama ya jambo hilo. Juni 2014, Mpeketoni iliposhambuliwa na watu zaidi ya 60 kuuawa, simu zetu zilijaa maneno juu ya nani amefanya, nani amejua, na kabila gani lijitayarishe. Hayakuwa na mwenyewe, na kwa sababu hayakuwa na mwenyewe hayakuweza kukanushwa. Jirani alimtazama jirani kwa jicho baya kwa ajili ya neno ambalo hakuna mtu angethubutu kulisema uso kwa uso. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Asiyekuwa na jina hajui kama amejikwaa, kwa kuwa maumivu yanawapata wengine.

Hata hivyo singependa nionekane kama mzee anayehubiri ushujaa akiwa amekaa kivulini. Hofu ya kijana yule ina sababu. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa, kijana wa miaka 22, aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?" Ulisambazwa kwa siri, na bado alipatikana, akafungwa miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972. Huko gerezani alitunga mashairi kwenye karatasi za chooni, nayo yakatolewa kitabu mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Hiyo ni hadithi ya zamani, utasema. Basi chukua ya karibu. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya mitandao, ambayo kwa kosa la kutangaza uongo wenye kuleta taharuki iliweka kifungo cha hadi miaka 10. Wanablogu walikwenda mahakamani. Mei 2018 vifungu 26 vikasimamishwa, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ni halali. Na Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni yaliyomhusu afisa wa ngazi za juu wa polisi. Akapelekwa Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi. Mzazi aliyesikia habari hiyo kisha akamwambia mwanawe, "Nyamaza," mimi simlaumu.

Lakini hapa ndipo ninapomwomba kijana afikiri zaidi. Hilo jina la bandia linamficha na nani? Laini ya simu anayoitumia imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Wenye mamlaka wakitaka kumjua, njia wanayo. Kwa hivyo lile jina halimfichi na wale anaowaogopa. Linamficha na mvuvi wa Kizingitini ambaye habari zake zimeandikwa, na mwalimu wake, na imamu wa msikiti wake, na sisi wa barazani. Wale ambao wangemsahihisha alipokosea hawamjui, na wale ambao wangesimama naye akidhulumiwa hawana habari kwamba ni mtoto wao. Amevaa barakoa mbele ya jamaa zake, na nyuma yake mlango uko wazi.

Mtu mwenye jina akipotea, watu huuliza. Habari za Ojwang zilijulikana nchi nzima kwa sababu alikuwa mtoto wa mtu, na babake alisimama mbele ya watu akamdai. Jina halikumwokoa, na hilo ni aibu ya waliokuwa na dhamana ya roho yake. Lakini asiyekuwa na jina ataulizwa na nani?

Basi rai yangu ni hii. Ulichokiona kwa macho yako, ukakiuliza kwa wenyewe na ukakihakikisha, kiandike, utie jina lako, mji wako na tarehe. Ulichokisikia tu, ukiache, hata kama una majina kumi ya bandia ya kukichapishia. Na ukiandika jambo linaloweza kumletea madhara mnyonge aliyekuamini, lifiche jina lake yeye, wala usilifiche lako. Ukiona kwamba jambo ni zito kupita mabega yako, nenda nalo kwa wakubwa unaowaamini mlibebe pamoja. Na Serikali nayo inapotuhimiza tuandike kwa uwazi, ni wajibu wake kuhakikisha kwamba uwazi hauwi tiketi ya kaburini.

Kuna na faida nyingine, ambayo kijana wa miaka 20 haioni kwa urahisi. Miswada mingi ya Kiswahili iliyonakiliwa kwa mkono wa Kijuma leo imo London, katika chuo cha SOAS, na mingine imo Ujerumani. Miswada ya hapa hapa Riyadha imepigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza, na mtu aweza kuitazama kwa simu akiwa amekaa ukutani ufukoni. Hilo ni jema la zama hizi na nalishukuru. Lakini ikiwa leo tunaweza kusema, "Hii ni kazi ya Kijuma," ni kwa sababu alikuwa na ada ya kuandika jina lake. Maandishi ya vijana wetu nayo yamehifadhiwa mbali, katika mitambo ya makampuni ya Marekani, na siku kampuni itakapofunga duka hawatabishiwa hodi kuulizwa. Ikiwa hayana jina, ni nani atakayedai kwamba ni ya Lamu?

Kwa hivyo, vijana, yapigeni chapa yale mnayoyaona kuwa na maana, myaweke nyumbani ndani ya sanduku, na nakala moja mumpe mzee asome. Nanyi wazazi, mtoto akikuletea alichokiandika, usianze kwa kumlaumu simu. Kaa chini, msome, mwonyeshe alipoteleza, na mwambie neno ambalo watu elfu wa mtandaoni hawakumwambia: kwamba wamjua ni nani, na ni wa nani.

Wallahu aalam.