Kabla ya dawa ya rangi, figo zipimwe

Mgonjwa wa moyo wa Matulo, kule Bungoma, ni sawa na wetu wa Lamu: wote husafiri mbali kupigwa picha ya mishipa ya moyo. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, tunabishana nani atalipa. Usalama hatuuulizii.

Ili mishipa ionekane, daktari huingiza dawa ya rangi yenye ayodini, nayo hutolewa mwilini na figo. Mwenye figo dhaifu, hasa akiwa na kisukari, anaweza kudhurika. Mshtuko wa moyo haungoji, lakini safari iliyopangwa yangoja: apimwe kreatinini ya damu hukohuko kwao, na kama anameza metformini, amwambie daktari, asiiache mwenyewe.

Wanaokataa kipimo kwa kuwa kamba wa baharini huwawasha wasihofu: mzio huo watokana na protini ya kamba, si ayodini. La kutaja ni kama dawa ya rangi yenyewe iliwahi kukudhuru.

Basi kaunti zetu, Bungoma hata Lamu, zihakikishe kipimo cha figo kinapatikana karibu. Haifai mtu aokolewe moyo, apoteze figo.