Donge la Kuliwa na Donge la Kuchezea



Wapenzi wasomaji wa ukurasa huu wa familia, likizo ya Juni imewadia na watoto wako nyumbani. Katika nyumba nyingi za Njiro, kama kwingineko jijini Arusha, mchana huishia mbele ya runinga au simu ya mama. Wiki hii tunapenda kuwaita jikoni, wavulana kwa wasichana, tuwape unga waukande. Papo hapo tutajibu swali ambalo wazazi huuliza kwa haki kabisa: je, unga kuchezewa si israfu?

Tuanze na donge la kuliwa. Ngano ina sifa ambayo mahindi hayana. Ikichanganywa na maji na kukandwa, protini zake hushikana zikawa nyuzi zinazovutika, ziitwazo gluteni. Ndiyo maana donge la ngano huvutika kama mpira ilhali la sembe hukatika. Kwa mkate na maandazi ya hamira, tukande dakika 10 au zaidi, mpaka donge liwe nyororo na liache kunata mikononi. Donge la chapati liwe laini zaidi, kisha tulifunike lipumzike nusu saa. Nyuzi zitalegea na kusukuma kutakuwa rahisi. Kwa visheti, tuupekeche unga kwa samli kabla ya kutia maji, kwa kuwa mafuta huzuia nyuzi kurefuka, navyo hutoka vikivunjika upesi mdomoni.

Mapishi mengi ya mikate tumeyapokea kutoka pwani, nasi tunaishi mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, hivyo gesi ya hamira hutanuka kwa wepesi zaidi. Kipimo cha Tanga au Unguja kinaweza kuumua mkate kupita kiasi, ukapanda haraka kisha ukabonyea. Tupunguze hamira kwa robo. Hata hivyo, katika miezi hii ya baridi ya Mlima Meru hamira hufanya kazi polepole. Tusiiongeze, tuliweke bakuli karibu na jiko lenye joto, tungoje donge liongezeke maradufu. Tutazame donge, si saa. Maji yawe vuguvugu, kwani yakiunguza kidole huiua hamira.

Sasa donge la kuchezea. Tuchukue vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini na kijiko kikubwa 1 cha mafuta. Maji tuyatie kidogo kidogo, yapata robo tatu ya kikombe, mpaka donge lishikane. Manjano, maji ya bitiruti na maji ya mchicha uliopondwa yatatupa rangi. Likifungwa vizuri kwenye kopo na kuwekwa mahali pa baridi, hudumu siku kadhaa. Likiota ukungu tulitupe.

Hapa pana tahadhari kubwa. Chumvi iliyomo ni nyingi mno, na mtoto mdogo akimeza kiasi kikubwa anaweza kudhurika vibaya. Wasichezee walio chini ya miaka 3, na walio wakubwa wasiachwe peke yao. Aliyemeza kwa wingi apelekwe hospitali bila kuchelewa. Unga mbichi nao huweza kuwa na vijidudu. Mikono ioshwe baada ya mchezo.

Turudi kwenye israfu. Dini yetu imeikataza, na mzazi anayesita kutoa unga anastahili kusikilizwa. Ila israfu ni kupoteza neema pasipo manufaa. Tukitumia unga uliopitwa na muda au ulioingia wadudu, tukauchekecha, tukatoa kipimo kidogo kinachochezewa siku nyingi, hatujapoteza chakula cha mtu. Kwa donge hilo mtoto ataunda alif, be na te, atahesabu, na vidole vyake vitapata nguvu ya kushika kalamu.

Lakini nyumba ambayo unga wenyewe hautoshi, chumvi na ngano vibaki chunguni. Udongo wa mfinyanzi unatosha kabisa kwa mchezo, na mtoto wake hatapungukiwa na lolote. Wala mtoto asizoeshwe kuona chakula kikikanyagwa sakafuni.

Na maandazi yakishaiva, sahani ya kwanza apewe mtoto aipeleke kwa jirani. Huko ndiko atakakojifunza thamani ya unga kuliko maneno yetu yote.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.