Adui Aliyejificha

Watu wapatao milioni 40 duniani wanaishi na virusi vya Ukimwi, na walio wengi miongoni mwao wako katika Afrika. Dawa zimewarudishia uzima. Lakini mwenye kuziacha, kwa kawaida virusi humrudia baada ya majuma machache. Sababu yake yajulikana. Baadhi ya virusi hujificha katika chembe za damu zile zile zilizo walinzi wa mwili, vikalala humo, wala kinga ya mwili isivione.

Wapo waliopona. Timothy Ray Brown, Mmarekani, alipandikizwa uboho mjini Berlin mwaka 2007 kwa ajili ya saratani ya damu. Chembe za mtoaji wa uboho huo hazikuwa na mlango ambao virusi huingilia. Brown alifariki mwaka 2020 kwa saratani hiyo, si kwa Ukimwi. Lakini tiba hiyo ni ya hatari na ya gharama kubwa. Haiwezi kuwa tiba ya umma.

Ndiyo maana wataalamu wanataka kuifundisha kinga yenyewe kumsaka adui. Mjini Durban, Afrika ya Kusini, wanawake 20 walioanza dawa mapema sana walipewa kingamwili zenye nguvu pamoja na dawa ya kuichochea kinga, kisha wakasimamishiwa vidonge huku madaktari wakiwaangalia. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba wanne walimaliza jaribio bila kuvirudia.

Wanne katika ishirini si ushindi, na asiwepo mgonjwa wa kutupa vidonge vyake kwa kusikia habari hii. Lakini njia imeonekana, tena imeonekana katika Afrika.

Je, nani atagharimia safari iliyobaki? Mwaka huo huo wa 2025 Marekani ilikata misaada yake, na kazi nyingi za utafiti Afrika ya Kusini zikakwama. Serikali za Afrika ziliahidi mjini Abuja, mwaka 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nyingi hazijaitimiza ahadi hiyo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi twasema: ahadi ya Abuja ni deni, na wanaodai ni wagonjwa. Yapasa lilipwe.