Kisingizio cha "Watu Hawasomi"

"Ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke kwenye kitabu." Msemo huu utausikia kwenye semina, utausikia redioni, na cha ajabu zaidi utausikia kwenye uzinduzi wa vitabu, mgeni rasmi akiutoa mbele ya watu waliokuja kununua kitabu. Ukumbi mzima hucheka. Mimi ninayeandika riwaya nimechoka kucheka. Msemo wenyewe ni uongo, na unadumu kwa sababu unatufaa sisi wenye kazi ya vitabu: tunatoa kitu kibovu, kisha lawama tunambebesha mnunuzi.

Riwaya ya Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka mwaka 1965 ikachapwa tena na tena. Muongo uliofuata Elvis Musiba akamleta mpelelezi wake Willy Gamba, na vitabu vyake vikaazimwa mkono kwa mkono mpaka majalada yakanyofoka. Ben Mtobwa, baba wa mhusika Joram Kiango, alifikia kuanzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Nani mwenye akili timamu anafungua kampuni ya vitabu katika nchi ya watu wasiosoma? Baadaye magazeti ya Eric Shigongo yakauzwa kwa hadithi za kuendelea, na leo hadithi zimehamia kwenye makundi ya WhatsApp. Huko mwandishi hutoa sehemu chache za bure, zinazobaki watu wanazilipia kwa simu. Akichelewa siku mbili, anatukanwa. "Mwandishi, leta mwendelezo!" Hao ndio tunaoambiwa hawasomi.

Najua jibu la wasomi wetu: hizo ni hadithi za mapenzi na upelelezi, si fasihi. Haya, twende kwenye fasihi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alichapisha Paradise mwaka 1994, riwaya ya pwani yetu na bara yetu, ikaingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Msomaji wa Kiswahili aliipata lini? Mwaka 2022, ilipotoka Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, baada ya Gurnah kuwa ameshapewa Nobeli mwaka 2021. Miaka 28. Hapo nani alimficha mwenzake?

Shule nayo ina dhambi yake. Mtoto anakutana na Takadini au Watoto wa Mama N'tilie kama dawa ya mtihani: taja dhamira, taja mafunzo, jadili fani na maudhui kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma. Wengine hawaifungui riwaya yenyewe, wanakariri uchambuzi wa kununua. Akimaliza kidato cha nne, kitabu anakikimbia, na mimi simlaumu.

Lakini kidonda chenyewe kiko kwetu, na kinaitwa uhariri. Katika biashara yetu watu wanaamini mhariri ni wa kurekebisha tahajia, kutenganisha "kwa hiyo" na kuondoa nukta zilizozidi. Hiyo ni kusoma prufu. Mhariri hasa ni yule anayekuuliza kwa nini mhusika aliyekuwa yatima sura ya pili anapigiwa simu na mama yake sura ya tisa. Anakwambia riwaya yako inaanza ukurasa wa arobaini, kwa hiyo thelathini na tisa za mwanzo zitupwe. Anakuonyesha kwamba mvuvi wako wa Kojani anaongea kama waraka wa wizara. Mnagombana wiki nzima, unamnunia, halafu unarudi mezani. Kazi ya namna hiyo inachukua miezi na inataka malipo, ndiyo maana wengi wanairuka. Muswada unatoka kwa mwandishi jioni, asubuhi uko kwa mchapaji. Siku hizi nasikia hata watu wanaojisifu kwamba kitabu chao "hakikuguswa na mtu". Ukikisoma, unaona.

Kinachofuata mnakijua. Nakala mia kadhaa kwa fedha za mwandishi mwenyewe, ukumbi, keki, mgeni rasmi, picha. Ndugu na marafiki wananunua kwa haya. Msomaji asiyekufahamu, aliyetoa hela yake mfukoni, anakwama ukurasa wa kumi na mbili, na safari nyingine hanunui tena. Maboksi yaliyobaki yanakaa chumbani, na mwenyewe anatoka hadharani kulalamika kwamba Watanzania wanapenda bia kuliko vitabu.

Nakubali bei ni tatizo. Kenya ilipoweka VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu mwaka 2013, ilimwongezea mzazi na msomaji mzigo. Nakubali pia kwamba nje ya miji mikubwa duka la vitabu mara nyingi ni duka la madaftari na kalamu. Ila hayo yote yanahusu kitabu kisichomfikia mtu. Hayathibitishi kwamba mtu huyo, kikimfikia, hatakifungua.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, kabla hujalalamika tena kwamba watu hawasomi, nijibu mawili: kitabu chako mtu wa Tunduma anakinunua wapi, na nani alikihariri? Wewe mchapishaji, fedha ya ukumbi na keki mpe mhariri.